Kimalayalam na Kiafrikana: Upotevu Mmoja, Hukumu Mbili

1. Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kulinganisha lugha mbili ambazo kwa kawaida haziwekwi pamoja. Ya kwanza ni Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Ya pili ni Kiafrikana, kinachosemwa Afrika ya Kusini na Namibia. Lugha hizi hazina ukoo mmoja, haziandikwi kwa herufi za namna moja, wala wasemaji wake si majirani. Msomaji ana haki ya kuuliza: kulinganisha huku kuna faida gani?

Jibu letu ni hili. Lugha hizi mbili, kila moja kwa njia yake, zimepatwa na jambo lile lile la sarufi: vitenzi vyake vimeacha kuonyesha nafsi ya mtendaji. Kiswahili husema nilikuja, ulikuja, alikuja, tulikuja. Kiambishi cha mwanzo hutuambia ni nani aliyekuja. Kimalayalam na Kiafrikana havifanyi hivyo tena, ingawa lugha za jamaa zao wa karibu zinaendelea kufanya hivyo. Lakini upotevu huo mmoja ulipata hukumu mbili. Huko Kerala wanasarufi waliuhesabu kuwa alama ya lugha iliyokomaa na kusimama peke yake. Huko Rasi ya Tumaini Jema uliitwa uharibifu, na lugha yenyewe ikapewa jina la "lugha ya jikoni".

Tofauti hii ya hukumu ndiyo kiini cha makala yetu. Inawahusu pia wanaofundisha na wanaojifunza Kiswahili katika Kongo, kwani nasi husikia kila mara kwamba usemi uliopunguza viambishi ni usemi uliooza. Kabla ya kukubali au kukataa kauli hiyo, inafaa tuone mambo yalivyokwenda mahali pengine.

2. Asili na makao ya lugha hizi

Kimalayalam ni lugha ya familia ya Kidravidi, pamoja na Kitamil, Kikannada na Kitelugu. Ndugu yake wa karibu kabisa ni Kitamil. Hesabu ya watu iliyofanywa India mwaka 2011 ilipata wasemaji wake karibu milioni 35. Mbali na Kerala, kinasemwa katika visiwa vya Lakshadweep, na wasemaji wake wengi wamehamia nchi za Ghuba kutafuta kazi. Maandishi ya kale yaliyochongwa katika mawe na mabamba ya shaba yanaanzia karne ya 9. Katika karne ya 16 mshairi Ezhuttachan aliandika tungo ambazo hata leo husomwa majumbani, na wengi humwita baba wa lugha hiyo.

Kiafrikana ni lugha ya familia ya Kijerumani, tawi la Kiholanzi. Hesabu ya mwaka 2011 katika Afrika ya Kusini ilionyesha watu karibu milioni 7 wanaokisema kama lugha ya kwanza. Ni lazima kuongeza jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: walio wengi kati ya wasemaji hao si Wazungu. Wengi ni wazao wa Wakhoikhoi, wa watumwa na wa watu wa asili mchanganyiko, hasa katika majimbo ya magharibi.

Kwa hiyo tuna lugha moja yenye maandishi ya zaidi ya miaka elfu, na nyingine ambayo umri wake kama lugha ya pekee haufiki miaka mia nne. Kuhusu umri, basi, hazilingani. Hata hivyo historia ilizikutanisha.

3. Kampuni moja, bandari mbili

Mwaka 1602 wafanyabiashara wa Uholanzi waliunda Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Mwaka 1652 Kampuni hiyo ilimtuma Jan van Riebeeck kuanzisha kituo cha maji na mboga katika Rasi ya Tumaini Jema. Miaka 11 baadaye, yaani 1663, Kampuni ile ile iliwafukuza Wareno kutoka Cochin, bandari kuu ya pilipili katika pwani ya Malabar, penye wasemaji wa Kimalayalam. Rasi na Cochin zikawa chini ya bwana mmoja mpaka mwaka 1795, Waingereza walipoziteka zote mbili katika mwaka ule ule mmoja.

Kati ya bandari hizo hazikupita bidhaa tu. Tangu 1652 hadi 1808, watumwa wapatao 60,000 waliingizwa katika Rasi. Takriban robo yao walitoka India. Wengine walitoka visiwa vya Indonesia, Madagaska, na pwani ya mashariki ya Afrika pamoja na Msumbiji. Katika daftari za Kampuni majina yao ya asili yamefutika. Wameandikwa kwa jina la kupewa na mahali walikotolewa, kama "van Malabar", "van Cochin" au "van Bengale". Watu hao, wenye lugha nyingi zisizosikilizana, walilazimika kusema Kiholanzi cha mabwana wao, au Kireno na Kimalei zilizokuwa lugha za biashara baharini. Kiafrikana kilizaliwa kutokana na vinywa vyao, pamoja na vinywa vya Wakhoikhoi na vya walowezi wenyewe.

Mtu mmoja anaziunganisha bandari hizi kwa namna ya pekee, naye ni Hendrik van Reede tot Drakenstein. Alipokuwa mkuu wa Kampuni katika Malabar alikusanya waganga na wataalamu wa mimea wa nchi ile, akiwemo mganga Itty Achudan, ili waeleze majani na miti yao. Kazi hiyo ilichapishwa Amsterdam katika juzuu 12, kati ya 1678 na 1693, kwa jina la Hortus Malabaricus. Ndani yake herufi za Kimalayalam zilionekana kwa mara ya kwanza katika kitabu kilichopigwa chapa. Mwaka 1685 van Reede huyo huyo alifika Rasi kama mkaguzi, akatoa amri kuhusu watumwa wa Kampuni. Baada ya hapo bonde moja la Rasi lilipewa jina la Drakenstein kwa heshima yake. Katika bonde hilo ndimo ulimo mji wa Paarl, na katika mji wa Paarl, tarehe 14 Agosti 1875, kilianzishwa chama cha kwanza cha kupigania Kiafrikana kiandikwe.

Maneno nayo yalisafiri. Katika Kimalayalam kitanda ni kaṭṭil. Neno hilo lilichukuliwa na Wareno, na katika Kiafrikana cha zamani kitanda kikaitwa katel. Mchuzi wenye viungo, kari, ukawa kerrie. Kwa upande mwingine Kiholanzi kiliacha Kerala neno kakkūs, yaani choo. Wareno waliwapa Wamalayali neno mēśa, ambalo kwetu ni meza. Waliwapa pia neno tronco, lililokuwa na maana ya gogo la kufungia wahalifu: Kimalayalam kikalifanya tuṟuṅku, Kiafrikana kikalifanya tronk, na katika lugha zote mbili maana yake ni jela.

Tusizidishe jambo hili. Maneno hayo ni machache, wala hayatoshi kusema kwamba lugha moja imeiumba nyingine. Kufanana tunakotaka kukueleza hakutokani na kuazimana. Kila lugha ilikufikia peke yake, na kwa sababu hiyo kunatufundisha zaidi.

4. Kitenzi kisicho na nafsi

Tuanze na Kitamil, ndugu wa Kimalayalam. Msemaji wa Kitamil akitaka kusema "nilikuja" atasema nān vantēn. "Ulikuja" ni nī vantāy. "Alikuja", kwa mwanamume, ni avan vantān. Kwa mwanamke ni avaḷ vantāḷ. Mwisho wa kitenzi hubadilika kufuata nafsi, kama mwanzo wa kitenzi chetu unavyobadilika.

Sasa tutazame Kimalayalam (ñ hutamkwa kama ny katika nyama, na ṅ kama ng' katika ng'ombe):

ñān vannu: nilikuja
nī vannu: ulikuja
avan vannu: alikuja (mwanamume)
avaḷ vannu: alikuja (mwanamke)
ñaṅṅaḷ vannu: tulikuja

Kitenzi ni kimoja tu, vannu. Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Rāmacaritam, utenzi mmoja wa kale kabisa wa Kimalayalam, viambishi vya nafsi bado vinaonekana. Viliendelea kupungua karne kwa karne, kwanza katika nathari na kisha katika ushairi, mpaka vikaisha.

Tuje sasa kwa Kiafrikana. Kiholanzi husema ik loop, "natembea"; hij loopt, "anatembea"; wij lopen, "tunatembea". Kiafrikana husema ek loop, hy loop, ons loop. Hata kitenzi "kuwa", ambacho katika lugha nyingi za Ulaya ndicho kigumu kuliko vyote, kimelainishwa. Kiholanzi kina ik ben, hij is, wij zijn. Kiafrikana kina ek is, hy is, ons is, bila tofauti yoyote.

Hapa pana fundisho la kwanza. Watu wengi, wakiona kitenzi kimevuliwa viambishi, hukata shauri mara moja kwamba lugha ilisemwa vibaya na wageni walioshindwa kujifunza. Kwa Kiafrikana ni kweli kwamba wanafunzi wakubwa wa lugha, watumwa na Wakhoikhoi, walikuwa na sehemu kubwa. Lakini Kimalayalam kilipoteza nafsi mikononi mwa wasemaji wake wenyewe, na wakati ule ule kilikuwa na wasomi, washairi na makuhani wakikiandika. Lugha za Kiswidi na Kidenishi nazo zimepoteza nafsi katika kitenzi bila historia ya utumwa kama ya Rasi. Na msomaji wa Kongo ana ushahidi katika Kifaransa chake: je parle, tu parles, ils parlent ni namna tatu za kuandika, lakini masikio husikia namna moja. Basi upotevu wa viambishi peke yake hauthibitishi asili ya lugha, wala hauonyeshi ni nani aliyeibadili.

Fundisho la pili ni la ajabu zaidi. Wengi hudhani kwamba kitenzi kikikosa nafsi, lugha hulazimika kutaja kiwakilishi kila mara, la sivyo watu hawataelewana. Kiafrikana chakubaliana na dhana hiyo: huwezi kusema loop peke yake kwa maana ya "anatembea", neno hilo likisimama peke yake ni amri, "tembea!". Kimalayalam kinaikanusha. Mtu akiuliza habari za mgeni, unaweza kujibu kwa neno moja tu, vannu, na msikilizaji ataelewa kwamba mgeni amefika. Neno lile lile katika mazungumzo mengine litakuwa na maana ya "nilikuja" au "walikuja". Muktadha hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na kiambishi. Kwa hiyo sababu moja haikuzaa matokeo mamoja. Kila lugha ilitafuta njia yake ya kujikimu.

5. Yaliyobaki na yaliyoongezeka

Lugha haipimwi kwa upande mmoja tu. Ni lazima tuulize pia: ni nini kilichobaki, na ni nini kilichozaliwa baadaye?

Kimalayalam, ingawa kimeacha nafsi katika kitenzi, kimeshika sana viambishi vya nomino. Nyumba ni vīṭu. Nyumbani, kwa maana ya ndani ya nyumba, ni vīṭṭil. Kuelekea nyumbani ni vīṭṭilēkku. Kutoka nyumbani ni vīṭṭilninnu. Msomaji wa Kiswahili ataona hapa jambo analolifahamu, kwa kuwa kiambishi chetu -ni katika "nyumbani" hufanya kazi ya namna hiyo, ila chetu ni kimoja na vyao ni vingi. Tena kitenzi chao hakikubaki uchi. Kinabeba wakati, hali na nia: varaṇam ni "lazima kuja", varaṭṭe ni "na aje", vannāl ni "akija". Ukanushaji nao una umbo moja kwa nafsi zote: vannilla ni sikuja, hukuja, hakuja, hawakuja. Isitoshe, Kimalayalam hutofautisha "sisi" ya aina mbili, ñaṅṅaḷ ikiwa msikilizaji hayumo na nammaḷ ikiwa yumo, tofauti ambayo Kiswahili hakina. Na katika "wewe" kuna ngazi za heshima: nī kwa mtoto au rafiki wa karibu, niṅṅaḷ kwa anayestahili adabu, tāṅkaḷ kwa mazungumzo rasmi.

Kiafrikana kimepoteza mengi zaidi. Jinsia za nomino zilizomo katika Kiholanzi zimetoweka, na kibainishi ni kimoja tu, die. Wakati uliopita wa namna ya zamani umebaki katika vitenzi vichache tu, kama was, kon na moes. Vingine vyote hutumia kitenzi kisaidizi: ek het gekom, "nilikuja". Lakini pia kimejenga. Ukanushaji wake una nguzo mbili: hy het die boek nie gelees nie, "hakusoma kitabu", ambapo neno nie hutajwa mara mbili, la pili likiifunga sentensi. Anayejua ne na pas za Kifaransa hatashangaa sana, ingawa nguzo za Kiafrikana zimesimama mahali pengine. Wataalamu wengine wanaona hapo athari ya lugha ya Wakhoikhoi, wengine wanaona lahaja za Kiholanzi. Vivumishi vyake vina kanuni ambazo mgeni huchukua muda kuzitawala: husemwa 'n mooi huis, "nyumba nzuri", bila nyongeza, lakini 'n belangrike saak, "jambo muhimu", kwa kuongeza -e. Tena hupenda kurudia neno ili kupata maana mpya: gou ni "upesi", gou-gou ni "haraka haraka", plek ni "mahali", plek-plek ni "hapa na pale". Kimalayalam nacho husema melle melle, na sisi husema polepole.

Mpangilio wa maneno pia unastahili kutajwa. Kimalayalam kwa kawaida huweka kitenzi mwisho: ñān oru pustakam vāyiccu, neno kwa neno "mimi moja kitabu nilisoma". Kiafrikana huweka kitenzi mahali pa pili katika sentensi kuu, lakini katika kishazi tegemezi hukipeleka mwisho: ek weet dat hy die boek lees, yaani "najua kwamba yeye kitabu anasoma". Lugha iliyoitwa ya jikoni imeuhifadhi mpango huo wa Kiholanzi kwa uaminifu kamili. Anayeiita lugha isiyo na sheria bado hajajaribu kuisema.

6. Hukumu mbili

Turudi sasa kwenye swali letu la kwanza: hukumu zilitolewaje?

Mwaka 1856 Robert Caldwell, mmisionari na mwanaisimu, alitoa sarufi linganishi ya lugha za Kidravidi. Aliona Kimalayalam kuwa chipukizi la kale la Kitamil, lililobadilika hasa kwa kuacha viambishi vya nafsi na kwa kupokea maneno mengi ya Kisanskrit. Kwa maelezo hayo Kimalayalam kilibaki binti tu, tena binti aliyepoteza mapambo ya mama yake. Mwaka 1896 A. R. Raja Raja Varma, msomi wa ukoo wa kifalme, alichapisha Kēraḷapāṇinīyam, sarufi mashuhuri ya lugha yake. Humo alipanga kanuni sita zinazoonyesha jinsi Kimalayalam kilivyojitenga, na mojawapo aliiita puruṣabhēdanirāsam, yaani kuondolewa kwa tofauti za nafsi. Tuangalie vizuri: aliyekuwa mtetezi wa lugha hakuificha "kasoro" hiyo. Aliipa jina la heshima la Kisanskrit na kuiweka miongoni mwa sheria. Mwaka 2013 serikali ya India iliiingiza Kimalayalam katika orodha ya lugha za kale zenye hadhi ya pekee.

Katika Rasi mambo yalikwenda vingine. Wasomi wenye kushika Kiholanzi cha Ulaya walikiita Kiafrikana kombuistaal, lugha ya jikoni, kwa sababu jikoni ndimo walimokuwa wapishi na yaya, nao walikuwa watumwa. Chama cha Paarl cha mwaka 1875 kilipoanza kukitetea, kilikitetea kama lugha ya walowezi weupe, na gazeti lake likaanza kutoka Januari 1876. Lakini wakati huo Waislamu wa Cape Town, wengi wao wazao wa watumwa, walikuwa wamekwisha kuandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu katika madrasa zao. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na dola ya Waturuki akafika Rasi mwaka 1863, alitunga katika lugha hiyo kitabu cha fiqhi, Bayān al-Dīn, kilichochapishwa Istanbul mwaka 1877. Kwa kuwa waandishi hao hawakufungwa na tahajia ya Kiholanzi, waliandika kama walivyotamka, na maandishi yao yamekuwa hazina kwa watafiti.

Jambo hili linatukaribia. Waislamu wa Malabar nao waliandika Kimalayalam kwa herufi za Kiarabu. Utenzi wao mashuhuri, Muhyiddin Mala, ni wa mwaka 1607. Na Waswahili wa pwani waliandika tenzi zao kwa herufi hizo hizo. Hivyo katika pwani tatu za bahari moja, lugha tatu zisizo na ukoo zilivaa vazi moja.

Mwaka 1925 Kiafrikana kilifanywa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 1933 Biblia nzima ikatoka katika lugha hiyo. Kitenzi hakikurudishiwa viambishi vyake. Ek loop, hy loop ilibaki vile vile. Kilichobadilika ni cheo cha waliokuwa wakidai lugha hiyo kuwa yao. Tangu hapo ilikuwa hatari kusema kwamba lugha hii ina damu ya watumwa. Profesa Marius Valkhoff, Mholanzi aliyefundisha Johannesburg, alipochapisha mwaka 1966 utafiti uliokisogeza Kiafrikana karibu na lugha za krioli, alipata upinzani mkali. Lugha iliyodharauliwa kwa ajili ya wasemaji wake weusi ilifanywa fahari ya wale waliowakana wasemaji hao. Kisha serikali ikataka kuilazimisha katika shule za Waafrika, na tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kuipinga, wakapigwa risasi.

Mwendo wa hukumu, basi, ni wazi. Upotevu mmoja uliitwa sheria ulipokuwa wa wasomi, uliitwa uchafu ulipokuwa wa watumwa, na haukutajwa tena ulipokuwa wa watawala. Sarufi haikubadilika hata mara moja. Waliobadilika ni watu na vyeo vyao.

7. Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, kupungua kwa viambishi hutokea katika lugha za kila namna, zenye maandishi ya kale na zisizo nayo. Pili, lugha inayopunguza upande mmoja hushika au hujenga upande mwingine; anayehesabu hasara bila kuhesabu faida ni mhasibu mbaya. Tatu, neno "kuharibika", likitumiwa juu ya lugha, mara nyingi hueleza cheo cha msemaji kuliko muundo wa lugha yake.

Kwetu Kongo, Kiswahili cha Lubumbashi husema "kitabu yangu" mahali ambapo Kiswahili sanifu husema "kitabu changu". Upatanisho wa ngeli umepungua, hilo halina ubishi. Lakini msemaji huyo huyo hasemi kitenzi kimoja kwa watu wote. Husema nilikuya, ulikuya, alikuya, balikuya. Katika jambo hili mama anayeuza mboga sokoni anatia ndani ya kitenzi chake habari ambayo Kimalayalam cha Ezhuttachan, chenye hadhi ya lugha ya kale, hakiitii tena. Tukimwambia kwamba hajui sarufi, tutakuwa tumesema uwongo.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu, au Kiswahili bora kama wengi wanavyokiita hapa, kiachwe. Chuo kikuu kinahitaji lugha moja ya vitabu, ya mitihani na ya kuwasiliana na wenzetu wa Dodoma, Nairobi na Bujumbura. Mwalimu atasahihisha "kitabu yangu" katika insha, na atafanya vema. Lakini kusahihisha insha si kumdharau mwandishi wake. Mwalimu aeleze kwamba usanifu unadai namna hii na usemi wa nyumbani una namna ile, tena kila mmoja una kanuni zake. Mwanafunzi naye ajizoeze kuandika kanuni za usemi wa nyumbani kwao, kama Raja Raja Varma alivyoandika za kwao. Kazi hiyo bado ni kubwa katika miji yetu. Kiafrikana kilipata usanifu kwa kuwasahau waliokizaa, na gharama yake ililipwa na watoto wa shule.